Hewa ya Mtu Mmoja

"Niliipandisha," alisema fundi. "Waulize wote, Shangazi. Ile feni niliipandisha, sikuishusha."

Maneno hayo alikuwa ameyasema tangu juzi kwa kila aliyevaa sare, na kila aliyevaa sare aliyaandika kinyume. Sasa alikaa kwenye sakafu ya mahabusu, magoti yamemfika kidevuni, mtu mrefu aliyemaliza miaka kumi na sita akitambaa ndani ya dari za watu ili watu hao wapate hewa. Nje ya nondo alisimama inspekta wa makamo, mwanamke, ambaye kituo kizima kilimwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa yeyote pale. Walimwita hivyo kwa kuwa alihoji kama shangazi anayepokea posa: kwa adabu, bila haraka, mpaka ukoo mzima wa mtu uko mezani.

Alimuuliza aliipandisha saa ngapi. Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, fundi alijibu, mpaka mwisho wake. Akamuuliza kwa nini. Kwa sababu wanawake wa kufulia walikuwa wakilalamika kuumwa vichwa kwa miezi miwili, na kila alipoipandisha vichwa vilipoa. Akamuuliza nani aliishusha.

"Hapo ndipo sijui. Nilikuwa juu ya paa na mtambo mwingine. Nikaitwa, nikashuka, nikamkuta dada wa watu amelala kati ya matoroli ya mashuka."

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa nane mchana fundi angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua bila kukusudia, na mtu wa aina yake akishaingia rumande hutoka na mvi. Shangazi alikuwa amewapeleka wengi. Wenye wakili walirudi kabla ya giza; wasio na wakili alikutana nao miaka baadaye wakiuza karanga nje ya mahakama ile ile.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba kama shuka la hospitali. Ndani yake mlikuwa na cheti cha daktari, kwamba marehemu alivuta sumu itokayo kwenye gesi inapoungua bila hewa ya kutosha, sumu isiyo na rangi wala harufu. Mlikuwa na karatasi moja iliyotoka kwenye kompyuta za jengo: *Feni namba nne. Amri ya mkono. Fundi wa hewa. Saa 12:05 asubuhi.* Haikusema kama mkono ule ulipandisha au ulishusha, na hakuna aliyeuliza. La mwisho lilikuwa maelezo ya mnyapara wa chumba cha kufulia, kwamba siku moja kabla ya kifo aliwasikia fundi na marehemu wakigombana, na marehemu akisema kwa sauti, "Utatuua."

Kwa faili kama hilo watu wamefungwa maisha.

*

Jengo lilikuwa na ghorofa kumi na tisa: hoteli juu, ofisi katikati, na chini ya ardhi, ambako mgeni hafiki, chumba cha kufulia. Lilijengwa na watu mia nne. Jina lililochongwa kwenye jiwe la mlangoni ni la mtu mmoja, aliyekuja kukata utepe akaondoka kabla ya chakula.

Mtaalamu wa nishati alimpokea katika chumba chenye ubaridi wa kupendeza na skrini sita. Alikuwa mtu nadhifu, mpole, mwenye kuvuta kiti mgeni akae. Ukutani palining'inia cheti cha jengo lililookoa umeme kuliko yote mjini. Alieleza bila majivuno. Zamani feni zilizunguka kutwa kucha, mtu yupo mtu hayupo. Wakapima kila kitu kwa mwaka mzima, kila feni, kila taa, kila mlango, kisha wakaifundisha kompyuta kutoa kinachohitajika tu, kwa anayehitaji, kwa saa anayohitaji. Umeme ulishuka kwa asilimia thelathini na moja. Hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomtia Shangazi wasiwasi. Mwongo hushikika.

"Karatasi yenu ina mstari mmoja," alisema. "Naomba nione siku nzima."

Mtaalamu akabonyeza. Ukatokea mchoro, mstari wa kijani kwenye uwanja mweusi. Saa kumi na mbili na dakika tano mstari ulipanda hadi juu kabisa ukanyooka. Saa mbili na dakika tano ulianguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Ukabaki huko chini, asilimia kumi na mbili. Marehemu alianguka saa nne kasoro robo.

Kwa hiyo fundi alisema kweli. Kwa saa mbili kamili asubuhi ile, katika jengo zima, ni yeye peke yake aliyewapa wale wanawake hewa.

"Hapa nani kaishusha?" Shangazi aliuliza, kalamu ikionyesha ukingo wa kile kisima cha mchoro.

"Hakuna mtu. Ni mfumo. Amri ya mkono hudumu saa mbili, halafu inafutwa. Mafundi walikuwa wanapandisha halafu wanasahau."

"Mbona haimo kwenye karatasi mliyotuletea?"

"Ile ripoti inaorodhesha watu waliogusa mitambo." Alionyesha skrini kwa kidole. "Mfumo si mtu."

Shangazi aliyaandika hayo neno kwa neno. Kisha akauliza mfumo ulijuaje kwamba asilimia kumi na mbili inatosha. Mtaalamu akafungua ukurasa mwingine. Hewa hutolewa kulingana na idadi ya watu, alieleza, na watu huhesabiwa mlangoni kwa kadi zao. Kila anayeingia anagusisha kadi yake, kompyuta inaongeza mmoja. Siku ile tangu alfajiri, kama kila siku kwa miezi miwili, chumba cha kufulia kilikuwa kimeandikwa: *Waliomo: 1.*

"Mtu mmoja," alisema Shangazi.

"Kadi moja. Ndiyo, mtu mmoja."

"Na mashine za kukaushia? Hizo zinatumia gesi. Mnazipima?"

Zilipimwa. Gesi ilikuwa na ukurasa wake, alisema, ila huo ni wa upande wa hoteli. Alipoufungua, mistari mitano myekundu ilikuwa imesimama kileleni tangu saa mbili na nusu, kama mishumaa mitano. Shangazi hakuwa mhandisi. Alisoma mpaka darasa la kumi na mengine akajiokotea mwenyewe njiani. Lakini alijua kuhesabu mpaka tano.

"Huyo mtu wenu mmoja ana mikono mingapi, baba, hata awashe mashine tano kwa pamoja?"

Mtaalamu aliangalia ukurasa wa hewa, akaangalia ukurasa wa gesi, akarudi kwenye ule wa hewa.

"Hizi kurasa mbili hazisomani," alisema hatimaye. "Kwenye ramani, kile chumba ni ghala. Mashine zilihamishiwa kule baadaye. Kwa hiyo hatukuweka kiwango cha chini cha hewa ya mashine."

"Umewahi kushuka kule?"

"Kazi yangu iko hapa."

Alichapisha kurasa zote mbili bila kuombwa mara ya pili, na alipompa Shangazi hakuziachia mara moja. Alisema aliwahi kuomba kurasa ziunganishwe. Aliambiwa mwakani.

*

Chini kulikuwa na joto la mashine zilizolala. Kazi ya kufua ilikuwa imesimamishwa kwa siku tatu, na wanawake kumi walikuwa wamepewa mashuka ya akiba wayakunje upya, mradi wasikae bure. Walikunja wawili wawili, wakirudi nyuma na kukutana kama watu wanaosalimiana siku nzima.

Mnyapara aliapa kuwa neno "utatuua" alilisikia kwa masikio yake mawili. Alikuwa nyuma ya ukuta wa matoroli, hakuona nyuso. Shangazi alimshukuru, akamwomba akamtafutie kitabu cha mahudhurio, kisha akawageukia wanawake.

"Shika ncha hiyo, mama," alisema mzee wao, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Ukisimama hivyo unatutia kiwewe."

Shangazi akashika ncha. Wakakunja la kwanza, wakakunja la pili. Kwenye la tatu akauliza kuhusu ugomvi.

"Ugomvi gani? Yule fundi ni shemeji yetu. Mwaka wa tatu huu anamtaka huyu." Alimwonyesha kwa kidevu msichana mwembamba aliyekunja peke yake, ambaye ni mdogo wake marehemu. "Anakuja, anapandisha feni, anamwangalia, anaondoka. Hasemi. Sasa marehemu akamkaba juzijuzi: hewa hutuletei, posa hutuletei, wewe shemeji utatuua."

Wawili walicheka. Kisha wakakumbuka aliyelisema hayupo, kicheko kikawakauka midomoni.

Shangazi aliandika neno moja kwenye daftari: *utani*. Mnyapara alikuwa amerudi na kitabu. Siku ya kifo, kwa mwandiko wake mwenyewe wa saa moja asubuhi, waliohudhuria walikuwa kumi na mmoja. Alimwomba atoke tena, safari hii afunge mlango.

"Mlikuwa kumi na mmoja," alisema. "Kompyuta ya juu inasema mlikuwa mmoja. Kila siku kwa miezi miwili, mmoja. Nataka kujua wale kumi walipitia wapi."

Walikunja. Mwenye miwani alikunja shuka moja mara nyingi kuliko linavyokunjika. Shangazi hakurudia swali. Alishika ncha nyingine akangoja, na ni yule mdogo wa marehemu aliyeweka mashuka yake chini.

Alieleza akiangalia sakafu. Kila mmoja ana kadi. Lakini kazi huanza saa kumi na mbili, ofisi hutoa saa za kadi kila mwisho wa mwezi, na mwenye kuchelewa mara tatu hana kazi. Wote wanakaa mbali, na usafiri wa kwanza hauwafikishi kabla ya saa kumi na mbili na robo. Anayekaa karibu alikuwa dada yake tu. Basi dada alifika mapema, akagusisha yake, akauzuia mlango kwa toroli la mashuka hadi wa mwisho apite. Kadi isiyogusishwa haina saa, na isiyo na saa haijachelewa. Saa moja mnyapara anakuja na kitabu, anawakuta wote kazini, anafurahi.

"Alikuwa anasema mlango huu haumfungii mtu wakati yeye yuko hai," alisema.

Hivyo ndivyo jengo lililopima kila kitu lilivyopimiwa mtu mmoja, likatoa hewa ya mtu mmoja, na wanawake kumi na mmoja na moto wa mashine tano wakagawana.

Mwenye miwani aliuliza kama hayo yataandikwa.

Shangazi hakuwazungusha. Akiandika, fundi atatoka leo. Asipoandika mlango, ile hesabu ya mtu mmoja itabaki haina baba wala mama, na wakili wa jengo atamwambia hakimu kwamba ni fundi aliyeichezea, maana karatasi yao ina jina la mtu mmoja tu. Akiandika, wao watafukuzwa kwa kuharibu mfumo wa usalama. Hilo aliliona wazi kama anavyowaona.

Kikazuka kilichozuka. Mmoja alisema ana watoto wanne na mama aliyepooza. Andika feni, acha mlango. Mwingine akamwuliza kama shemeji angekuwa kaka yake angesema hivyo. Wa tatu alisema yote haya ni ya wakubwa, tangu lini mdogo akaulizwa achague kisu cha kuchinjwa nacho. Shangazi alikuwa na majibu ya kisheria ya mambo yote matatu, na hakuna hata moja lililofaa.

"Na dada?" aliuliza yule mdogo. "Watasemaje juu yake?"

"Watasema alijiua mwenyewe, na nusura awaue ninyi."

Msichana aliokota shuka, akalinyoosha kifuani, akalikunja mara nne.

"Andika, mama," alisema. "Yeye hakumwacha mtu nje. Sisi tutamwachaje mtu ndani?"

Mwenye watoto wanne alilia, lakini hakupinga. Wote kumi walitia sahihi, wanane kwa kalamu na wawili kwa dole gumba.

*

Mkuu wa kituo alisoma ripoti saa sita na robo, akiwa amesimama. Ilikuwa kurasa tano. Alifika mwisho akatabasamu, na Shangazi, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, alijua tabasamu lile ni la mtu aliyeona faili likifungika.

"Kazi safi, Shangazi. Fundi aachiwe. Kumbe mwenye kosa ni aliyeuzuia mlango, na ameshafariki, Mungu amrehemu."

Shangazi alimwelekeza ukurasa wa nne. Pale alikuwa ameandika juu ya kurasa mbili zisizosomana, na juu ya ramani inayoita chumba cha moto ghala. Jengo lilijua, alisema. Lilikuwa na namba ya gesi na namba ya hewa kwenye skrini moja, umbali wa kidole. Walichokosa ni mtu mwenye amri ya kuziweka pamoja, na mwenye amri alisema mwakani.

Mkuu alichomoa kalamu nyekundu. Alipiga mstari juu ya aya ya kwanza, akapiga juu ya ile ya pili, kwa rula, ili usipinde.

"Haya ni ya wahandisi. Polisi hatushitaki ramani."

"Wale wanawake watafukuzwa, mkuu."

"Hao hawamo kwenye faili hili."

Shangazi alijaribu njia zote alizozijua. Alitaja sheria ya usalama kazini. Mkuu akasema ina ofisi yake, na ofisi hiyo imeshapanga kukagua. Alitaka mtaalamu wa nishati aitwe kama shahidi. Shahidi wa kesi gani, aliulizwa, na kesi imekwisha. Akaomba aya zirudishwe, akasema hatasaini bila hizo. Mkuu hakukasirika. Alimweleza kwa upole kwamba halazimiki kusaini. Faili linaweza kurudi lilivyokuwa asubuhi, karatasi moja, mnyapara mmoja, fundi mmoja, na gari la mahakamani linaondoka saa saba na nusu.

Saa ya ofisini ilionyesha saa saba kasoro dakika tano.

Shangazi alisaini.

Fundi alitoka saa nane kasoro. Hakuuliza juu ya nafsi yake. Aliuliza kama mle chini feni imeunganishwa na mashine. Shangazi akasema bado. Fundi alipokwenda kuwashukuru wanawake, aliwakuta kwenye geti la nyuma wakiwa na barua za kufukuzwa mkononi, kila mmoja yake, maneno yale yale. Naye alikuwa na barua, ya kusimamishwa kwa muda usiojulikana, kwa kutoa amri za mkono bila idhini. Walimchekea bado wakimwita shemeji. Yule mdogo alimpa mkono kama mtu anayepewa pole, na safari hii fundi alisema jambo, lakini Shangazi, aliyemsindikiza mpaka barabarani, alikuwa mbali, hakulisikia.

*

Chumba cha kufulia kilifunguliwa tena wiki iliyofuata. Wakaguzi walikuja kupima hewa. Walipima feni ikiwa imepandishwa mpaka mwisho, wakaridhika, wakapewa chai. Shangazi hakuwa na kazi pale. Alimwambia mlinzi kwamba amekuja kurudisha kitabu cha mahudhurio, na mlinzi akamfungulia.

Walikuwa wanawake wapya. Kila mmoja aligusisha kadi yake, mlango ukajifunga, ukafunguka, ukajifunga. Wawili walifika saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, wakarudishwa. Juu ya mlango walikuwa wameweka kioo kidogo kipya cha kompyuta, ili mnyapara aone hesabu bila kupanda ngazi. Kilisema: *Waliomo: 8.*

Mashuka ya wiki nzima yalikuwa yamerundikana hadi karibu na dari. Saa mbili na nusu mnyapara aliwasha mashine za kukaushia, moja baada ya nyingine, zote tano. Shangazi aliisikiliza feni. Ilizunguka kwa sauti ya chini, ya unyenyekevu, hewa ya watu wanane, si zaidi. Alimfuata mnyapara akamweleza habari ya gesi. Mnyapara akasema maagizo ya feni hutoka juu. Alipanda juu. Mtaalamu alikuwa amehamishiwa jengo jingine, na aliyekaa kwenye kiti chake alimwambia kwamba maombi yapo, yameandikwa, yanangoja mwenye mfumo ajibu. Akaomba kuiona hati yake ya upelelezi. Shangazi hakuwa nayo.

Akashuka tena. Mwanamke mmoja karibu na mashine ya tatu alikuwa ameweka shuka chini, anajikanda kipaji kwa vidole viwili. Alimsalimia Shangazi, akamuuliza kama na yeye ni mpya, akamsogezea kiti.

Shangazi alitazama kile kioo. Hakuwa na kadi. Hakuhesabiwa.

Alimwambia asante, hakai. Akatoka nje upesi, mpaka uani, asije akawapunguzia hewa.